Vioo Vilivyotazama Pamba

Idi mwanangu,

Mambo ya safari yako ya kesho, sanduku, shuka, unga na dawa ya homa, mama yako anakutajia tangu juzi, na akimaliza anaanza upya, kwa hiyo mimi sirudii. Nakuandikia kwa sababu ya lile konde.

Usiseme umesahau. Wiki ya tatu sasa unaniamkia shikamoo huku unatazama ukuta, nami naitikia marahaba huku natazama sahani. Mama yako katikati anatugawia mboga kama mtu anayelisha mbwa wawili waliong'atana. Una haki ya kununa. Mtoto wa miaka kumi na tisa hapigwi mdomoni mbele ya wauza viazi.

Nilikupiga kwa sababu ya kioo, hilo unalijua. Ulikigeuza ujitazame, ukachana nywele, ukakiacha vilevile, ukatia gia na kuondoka pale Nyegezi huku kioo kinakuonyesha sura yako. Hatujamaliza hatua kumi nikakutandika. Damu ikaruka mpaka kwenye shati ulilonunua kwa ajili ya sikukuu ya Idi. Ukaniuliza, "Baba, kwa kioo tu?" Nilishuka, nikaenda nyuma ya lori, nikatapika, na wewe ukadhani ni jua.

Jibu la swali lako ni refu. Nimejaribu kulisema kwa mdomo mara mbili wiki hii na mara zote mbili nimeishia kukufokea habari ya viatu. Mdomo wangu na mkono wangu vinakaa nyumba moja, kimoja kikitoka kingine hufuata. Ndiyo maana nimetoka msikitini baada ya alasiri, nimekaa hapa nje kwetu Butimba na daftari la gereji, na mama yako nimemwambia asinisemeshe.

Kwanza nikuondolee uongo, maana umekua nao. Meno yangu ya mbele hayakutolewa na hendeli iliyorudi wakati nawasha gari. Na ile miaka mitatu sikuwa Kongo nikiendesha magari ya kwa babu zetu Wamanyema. Nilikuwa gerezani. Ulikuwa na miaka tisa, na mama yako akaona afadhali uwe na baba aliye Kongo kuliko baba mfungwa. Nilipotoka nikaukuta uongo umeota mizizi, nikaumwagilia maji. Na umeniuliza mara ngapi fundi gani huyu anayefungua injini nzima akaifunga, lakini hakanyagi pedali hata kulitoa gari gereji? Nilikuwa nakujibu macho yangu mabovu. Macho yangu ni mazima, mwanangu. Tatizo ni yalichotazama siku ile.

Miaka hiyo niliendesha lori la tajiri mmoja wa hapa mjini. Nilikuwa kijana, nina leseni mpya na kofia, na watu wa Mwanza ambao hawakuwahi kuniona wakaanza kuniona. Msimu wa pamba tulivuka ziwa kwa pantoni kutoka Kigongo kwenda Busisi, tukapanda mpaka vituo vya kununulia pamba huko Sengerema na Geita, tukarudi na magunia yamerundikwa kupita kichwa cha lori. Utingo wangu alikuwa mtu mzima, Mzee Sefu, anakaa juu ya mzigo. Akigonga paa mara moja, kuna mtu nyuma. Akigonga mara mbili, simama. Vioo sikuvijali, Mzee Sefu ndiye alikuwa macho yangu ya nyuma.

Wezi wa milimani walikuwepo, hilo nalo si uongo. Lori likipanda kwa gia ya kwanza mtu anatembea kulipita. Wanadandia, wanakata kamba, gunia linaanguka porini. Siku moja tukafika mjini magunia mawili hayapo. Tajiri akanipiga kofi mbele ya wapagazi wa bandarini, kofi la mkono wa nyuma, mwanamume mzima mimi. Sikumrudishia. Nilimgeukia Mzee Sefu nikasema ni yeye aliyewaita wezi, nikampiga teke la tumbo akiwa amekaa, na jioni ile akafukuzwa kazi. Hakuwa na kosa. Alikuwa amelala tu, mzee wa watu, tangu alfajiri anapakia. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na ningekuwa na akili ningelimaliza palepale kwa kumwangukia miguuni.

Tajiri hakuweka utingo mwingine. Alileta koleo na waya, akavishika vioo viwili vya lori, cha kulia na cha kushoto, akavigeuza kwa ndani na kuviinua juu mpaka vikawa vinaonyesha kamba na magunia ya juu. Kisha akavifunga kwa waya visigeuke. Akaniambia, "Hawa ndio utingo wako sasa, na hawalali." Nami nikacheka. Nilivipenda vile vioo, nakwambia kweli. Niliapa mwizi atakayeonekana humo nitamfanyia kitu ambacho mlima mzima utasimulia. Madereva wengine waliponiuliza barabara naionaje nikawajibu barabara haina mtu wa kuiiba.

Sasa nisikilize. Ilikuwa kiangazi, vumbi jekundu, mchana wa saa nane. Natoka Sengerema nimejaza, naelekea Busisi kwenye pantoni. Kuna mlima kabla ya kuteremkia ziwani, utaupita. Nikatia gia ya kwanza. Ndugu wawili walikuwa wanapanda mlima huohuo na baiskeli moja, wamebeba tenga la samaki waliokaushwa wanaowapeleka ng'ambo. Bujiku alikuwa juu ya baiskeli, Masalu mdogo wake anasukuma. Sikuwaona, haya niliyasikia baadaye mahakamani. Vioo vyangu vilikuwa vinatazama pamba.

Unajua desturi ya watu wa baiskeli mlimani, wewe mwenyewe nimekukamata ukifanya. Lori likipita polepole mtu anashika ncha ya kamba inayoning'inia, anaizungusha mkononi mara mbili, anavutwa mpaka juu. Bujiku akafanya hivyo. Masalu akawa anakimbia pembeni. Karibu na kilele gurudumu la baiskeli likapiga jiwe, Bujiku akaanguka, na kamba imekaza mkononi. Akawa anaburutwa. Masalu akapiga kelele, lakini injini ile ilikuwa inanguruma, na mimi nilikuwa naimba.

Angefanya nini? Alichomoa kisu cha samaki kiunoni, akarukia bodi la nyuma, akapanda magunia ili aikate kamba kule juu ilikofungwa na agonge paa nisikie. Hapo ndipo nilipomwona. Kwenye kioo cha kushoto, ndani kabisa, mtu ana kisu mkononi na anaikata kamba ya mzigo wangu.

Nilifurahi, Idi. Hilo ndilo sijawahi kumwambia mtu, hata mama yako. Sikuogopa wala sikushtuka, nilifurahi. Lori lilikuwa limefika kileleni, nikabadilisha gia, nikalikanyaga. Nikaliyumbisha kulia na kushoto nimrushe chini. Yule mtu akashikilia magunia kwa mkono mmoja na kwa mwingine anapiga paa, pu pu pu, nami nikasema moyoni piga tu, utajua leo. Niliteremka mlima wote ule namna hiyo. Wote. Mpaka chini kwenye daraja la mbao ambapo magunia yalianza kumwagika, ndipo nikasimama.

Nilishuka na hendeli. Alikuwa ameanguka kwa magoti, ananyoosha kidole nyuma ya lori, anasema, "Ndugu yangu, ndugu yangu." Nikajua anaita mwizi mwenzake. Nikampiga pigo la kwanza mkononi, nikausikia mfupa. Kisu kikaanguka. Nikampiga la pili begani. Akawa anatambaa kuelekea nyuma ya gari, hata hanitazami, anatambaa tu, na kule kutonitazama kwake kukanipandisha wazimu. La tatu likampata usoni. Jicho lake la kulia liliishia pale. Nikamwambia, "Nenda kamwambie ndugu yako sasa."

Ndipo nikaenda nyuma kuhesabu magunia.

Sitakuandikia nilichokiona mwishoni mwa ile kamba. Nimefuta mistari mitatu hapa, usijaribu kuisoma kwa mwanga. Nikwambie tu kwamba mkono bado ulikuwa umefungwa kamba mara mbili, na kwamba mlima ule una mawe.

Yowe likapigwa. Watu wakatoka mashambani na mipini ya majembe, na wanawake na mawe. Nilipigwa mwanangu, nikapigwa na watu wasio na haraka. Meno yalitoka hapo, na mbavu hii inayonisumbua wakati wa masika. Nakumbuka mtu mmoja alisimama juu ya mkono wangu na mwingine akavunja vile vioo kimoja kimoja kwa jiwe. Wangeniua, na wangekuwa sawa. Aliyewazuia ni askari wa mtemi aliyepita na baiskeli. Alinilalia kwa tumbo akala marungu mawili yaliyokuwa yangu, huku anawaambia huyu ni wa mahakama, huyu ni wa mahakama. Jina lake silijui mpaka leo.

Mahakamani tajiri alisema hajui habari ya waya. Mimi nikasema nilidhani mwizi. Hakimu akawa anaandika. Kisha mama yao Bujiku na Masalu, bibi mfupi mwenye kaniki, akaomba kuuliza jambo moja, na mkalimani akalileta kwa Kiswahili, "Anauliza, gari lilikuwa na vioo?" Nikajibu vilikuwepo. "Anauliza, ulikuwa unatazama nini?" Nikasema pamba. Yule bibi akatikisa kichwa mara moja kama mtu aliyejibiwa bei, akarudi kukaa. Hakulia. Ningeshukuru kama angelia au angenitemea mate.

Nikapewa miaka mitatu. Nilipotoka watu walikuwa wameanza kuzungumza habari za uhuru kila kona, na mimi nikarudi nyumbani na hasira yangu nzima, imenona kwa ugali wa gerezani. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili. Unakumbuka mkanda. Unakumbuka mlango tuliourudishia bawaba. Mama yako nilimpiga mara nne, nazikumbuka zote na sababu zake, na hakuna sababu hata moja ninayoweza kuiandika hapa bila aibu. Mara ya nne alisimama akajifuta pua kwa kanga, akaniambia, "Baba Idi, mmoja ulishaua. Sisi wawili unatumaliza lini?" Sikumgusa tena baada ya hapo. Wewe nikakugusa tena, wiki tatu zilizopita. Kwa hiyo usidhani anayekuandikia ni mtu aliyepona.

Siku ya bendera ya uhuru watu walikumbatiana barabarani wasiojuana, nami nikakumbatiwa na askari polisi mmoja, nikalia kama mtoto. Nilidhani nami nimesamehewa pamoja na nchi. Kumbe iliyobadilika ni serikali.

Basi, vioo. Kaa kwanza. Vuta kiti, egemea kama utakavyoegemea safari nzima, maana kioo kilichotengenezwa ukiwa umejikunja ni cha mtu mwingine. Cha ndani kionyeshe dirisha lote la nyuma, na lori likiwa na mzigo hakina kazi, kisahau. Vya pembeni ndivyo roho za watu zilipo. Ubavu wa lori uonekane upana wa kidole tu, nyembamba, kukujulisha gari lako linaishia wapi. Panapobaki pote pawe barabara, na chini uone gurudumu la nyuma linapokanyaga. Kisha shuka, zunguka, tazama kile ambacho kioo hakionyeshi, kwa sababu kipo siku zote. Kwenye pantoni mtaambiwa mvikunje vioo ili malori yabanane. Ukishuka ng'ambo usitoe mguu kwenye breki kabla hujavikunjua. Na mtu yeyote, mkuu wa idara, mbunge, baba yako, akikuambia geuza kioo utazame mali, mpe funguo aendeshe mwenyewe.

Na paa likigongwa, simama. Hata ukiwa na hakika ni mwizi. Gunia lililoibwa halina mama.

Sasa linakuja lililonifanya nishike kalamu leo badala ya kukuacha uende na uongo wako wa Kongo. Kazi uliyopewa na idara, kupeleka mbegu za pamba Sengerema na Geita, inapita Kigongo. Kila wiki utavuka. Na pale Busisi, upande wa pili, anayepanga malori kupanda pantoni, anayesimama nyuma na kuonyesha kwa mkono rudi, rudi, kata kushoto, simama, ni mtu mmoja chongo, mkono wake wa kushoto haunyooki. Ndiye Masalu. Serikali imempa kofia. Madereva wote wanamsifu kwamba hajawahi kulipeleka lori majini.

Kila dereva wa Mwanza, Masalu humuuliza habari zangu, "Ramadhani unamfahamu?" Wanakuja gereji wananiambia. Petro, yule mrefu anayekuletea karanga, aliniambia yule chongo hasemi anataka nini, anauliza tu. Wengine wanasema anatembea na kisu, lakini pale ni kwa wavuvi, nani hana kisu? Mimi nikamwambia Petro, mwambie Ramadhani amekufa. Akaenda akamwambia. Akarudi na jibu. Masalu alimuuliza, "Kaburi lake liko wapi?"

Hiyo ilikuwa mwaka jana, na tangu siku hiyo silali vizuri, na mama yako akiniuliza nasema ni mbavu.

Ujue nawe una sura yangu. Si kidogo, si ya kutafuta. Mabibi wa hapa mtaani wanasema nilikutema. Una paji hili, una mwendo huu wa kutupa bega, na siku ile nilikuwa nimekuzidi miaka isiyofika kumi. Kesho kutwa utarudisha lori kwenye pantoni, na mtu mwenye jicho moja atasimama nyuma yako akitazama kioo chako, na ndani yake ataona uso wa mtu aliyemvunja mkono. Nawe ungekuwa hujui lolote. Ungemtabasamia. Ndivyo nilivyotaka kukufanyia, baba yako.

Nilianza barua hii nikiwa na mpango. Nilitaka kukuagiza ushuke, umwamkie, umwambie wewe ni mtoto wa nani kabla hajagundua mwenyewe, umwambie baba anaomba radhi. Nilishaandika yote hayo kwenye karatasi nyingine, kwa mwandiko mzuri kuliko huu. Nikaisoma. Nikaona ni lilelile. Nakaa mbele kwenye kiti, nimevaa kofia, na huko nyuma anaburutwa mtu mwingine. Safari hii ni wewe.

Nimeichana karatasi hiyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeficha miaka kumi.

Kwa hiyo kesho usiniage. Mama yako nimemwita sasa hivi nikamwambia, ameingia ndani na kunifungia kanzu na chakula bila kuuliza narudi lini. Nitapanda lori pamoja nawe hapa Butimba. Isome barua hii kabla hujawasha injini. Kama ukiisha kuisoma hutaki nikae kando yako, sema, nitakaa juu ya mbegu. Njiani tusizungumze habari hii, tutagombana.

Tukivuka na ukamwona, zima gari. Nitashuka mwenyewe, nitatembea mpaka alipo, nitamwambia jina langu, na nitamwambia nipo hai. Yatakayofuata ni yake. Akinipigia kelele, mwache. Akinipiga, mwache, hata akipiga kwa muda mrefu. Nakujua, damu itakupanda, utataka kufungua mlango. Ukishuka na ngumi kunitetea utakuwa umenirithi, na hicho ndicho kitu pekee nilichonacho ambacho sitaki ukirithi.

Kaa ndani, mwanangu. Shika usukani, na nitazame tu.

Mimi baba yako, niliyekupiga,
Ramadhani